Ua la Ukingoni: Mhadhara juu ya Kuotesha Impatiensi Mwitu Kando ya Msitu

Wakulima mliotelemka asubuhi hii kutoka milimani,

Ua nililokuja kulisemea leo lina mkia. Ukilitazama kwa mbele unaona petali tano zilizotandazwa bapa, za waridi iliyokolea au za rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, na mara mojamoja nyeupe. Sasa lipindue. Nyuma yake umechomoza mrija mwembamba kama uzi, uliopinda kidogo, wenye urefu wa sentimita tatu au nne. Mbochi imo ndani kabisa, kuelekea nchani. Nyuki wa asali haifikii, kwa sababu ulimi wake ni mfupi; yeye huja kuchukua chavua tu. Anayeweza kuufikisha ulimi wake hadi huko ni kipepeo, hasa wale wakubwa wenye ulimi mrefu, ambao huukunja wakiwa wanaruka na kuukunjua wakitua.

Wataalamu wa mimea huliita Impatiens walleriana. Mimi nitasema impatiensi mwitu, maana wenye vitalu vya miche wengi hulitambua kwa jina hilo. Kwa asili linaota Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, tangu karibu na usawa wa bahari mpaka kiasi cha mita 1,800. Hupenda kivuli chenye unyevunyevu: kando ya vijito, kwenye miamba inayochuruzika maji, na pale ambapo msitu unakoma na njia au shamba linaanza. Wengi wenu mmekuwa mkilipita tangu utotoni. Mnakijua hata kitunda chake cha kijani, kile kinachopasuka ukikigusa na kurusha mbegu kila upande, kwa sababu mmekichezea njiani mkienda shule.

Tazameni jinsi ua hili linavyoipanga kazi yake. Linapochanua, viungo vyake vya kiume vimeungana vikafanya kofia ndogo iliyokifunika kiungo cha kike. Kipepeo akizamisha ulimi mrijani, kichwa chake kinagusa kofia hiyo na kuondoka na chavua. Baada ya siku chache kofia inadondoka yenyewe. Hapo ndipo kiungo cha kike kinapobaki wazi, kikingoja chavua kutoka kwingine. Ua lilelile huanza likiwa dume na kumaliza likiwa jike, na kati ya hatua hizo mbili limeuziba mlango wa kujichavusha lenyewe. Lazima aje mgeni aliyepitia ua jingine. Ukiona kichaka cha impatiensi mwitu kimejaa vitunda, ujue wageni wamepita.

Ninachotaka tukubaliane leo ni kimoja. Ukingo wa msitu tumezoea kuufyeka ili paonekane pasafi, nami nasema ni mahali pa kupandwa. Na kwa nchi yenye mvua na kivuli kama Usambara ya Mashariki, ua la kuanzia ni hili.

Msitu wetu haujakaa pamoja tena. Umekatwa vipandevipande na mashamba ya chai, barabara, vijiji na mashamba yetu ya mihogo na migomba. Kila ulipokatwa, umezaliwa ukingo mpya. Huko ukingoni jua la mchana linaingia kwa ubavu na upepo unakausha majani yaliyoanguka. Miti iliyozoea unyevu wa ndani huanza kukauka vileleni, na moto wa shambani ukitoroka unakuta kuni tayari. Ndipo inapokuja mimea ya kigeni inayopenda ardhi iliyojeruhiwa. Lantana mnaijua. Clidemia hirta, kile kichaka chenye majani ya manyoya na matunda ya buluu iliyokolea, nacho mmekwisha kukiona Amani. Mkulima anayefyeka ukingo mara mbili kwa mwaka anadhani anaizuia mimea hiyo, kumbe anaitayarishia kitanda. Ardhi iliyofunikwa na mimea mifupi ya asili, yenye majani laini na mashina yaliyojaa maji, haikauki upesi na haishiki moto upesi.

Ukingo huohuo ndio vipepeo wanaoupenda. Kipepeo anahitaji jua la kupasha misuli yake joto asubuhi na kivuli cha kujificha mchana, na vyote viwili anavipata hapo. Akivipata pasipo na ua wala jani la kutagia mayai, hupita tu.

Historia ya ua hili nitaieleza kwa ufupi, lakini siwezi kuiruka, maana inatuhusu watu wa Tanga na Unguja. Mwaka 1868 Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew huko London, alilitangaza kitaalamu kwa jina la Horace Waller, mmisionari wa UMCA, misheni ileile iliyojenga Magila hapa Muheza na kanisa la Mkunazini kule Unguja. Mwaka 1882 Hooker akalitangaza kwa mara ya pili, safari hii kwa jina la Sultani wa Zanzibar, kutokana na mimea iliyooteshwa Kew kwa mbegu alizozituma John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, ambaye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa mimea. Baadaye ilionekana kuwa ni mmea mmoja, na kwa kanuni jina la kwanza ndilo lililobaki. Miaka kumi baada ya hapo, mwaka 1892, mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, akapeleka kwao ua jingine la milima hii, lile dogo la zambarau ambalo leo limo katika vyungu vya madirishani dunia nzima. Yaani milima mnayoitazama kila siku ina maua mawili yanayojulikana sana katika nyumba za Ulaya na Marekani.

Katikati ya karne ya 20 Mmarekani mmoja, Claude Hope, alikaa Costa Rica akichagua na kuzalisha impatiensi fupi zenye maua mengi ya rangi za kila namna. Kazi yake ilizaa biashara kubwa. Kwa miongo mingi hili lilikuwa miongoni mwa maua yaliyonunuliwa zaidi kwa ajili ya vitalu vya kivulini. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri vinyoya. Nchini Uingereza uligunduliwa mwaka 2003. Nchini Marekani ulisambaa kwa nguvu mwaka 2011 na 2012. Majani yalianza kupauka, upande wa chini yakaota unga mweupe, halafu majani na maua yakapukutika yakabaki mashina matupu. Karibu aina zote za bustani za impatiensi hii hazikuwa na kinga. Watu wa mbegu wakahangaika miaka kadhaa mpaka walipopata aina zinazostahimili.

Nayataja haya kwa sababu ninaona shule zetu, mahoteli na nyumba za wageni milimani zikinunua vipakiti vya mbegu za maua ya nje, na huku nyuma ya uzio, kwenye mfereji, ndugu wa ua hilohilo anafyekwa kwa panga. Hilo linaniuma. Aina nyingine za bustani zimezalishwa ziwe na petali nyingi zilizobebana, na kwa kuwa petali hizo zimechukua nafasi ya viungo vya chavua, mdudu akitua hapati cha maana. Ua zuri lisilolisha mtu yeyote, mimi siwezi kumshauri mkulima alipande kando ya msitu.

Kuna hatari nyingine pia. Aina ya bustani na ile ya mwitu ni mmea wa jamii moja, zinaweza kuchavushana. Ukipanda ile ya kununua karibu na msitu ambamo ya mwitu inaota, vipepeo watachanganya mbegu bila kukuuliza. Kwa hiyo aliye jirani na hifadhi asitumie mbegu za pakiti. Atumie za hapohapo, za bonde lake. Na aliye mbali, mahali ambapo ua hili si la asili, asilipeleke kabisa. Hawaii, Costa Rica na sehemu za Australia limetoroka bustanini na kuvamia kingo za misitu ya watu, kwa nguvu ileile ya kurusha mbegu tunayoipenda sisi.

Tuje kwenye kuotesha.

Njia nyepesi ni ya vikonyo. Kata kipande cha shina lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati, chenye vifundo viwili au vitatu. Kata chini kidogo ya kifundo kwa kisu kikali, wala usinyofoe, maana shina hili limejaa maji na likichanika huoza. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili matatu juu. Kitie kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga usio wa jua kali, na ubadilishe maji yakianza kuchafuka. Kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili mizizi myeupe inaonekana kwa macho. Mizizi ikifika urefu wa kucha, hamishia kwenye kikopo chenye udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga kidogo, au usisubiri glasi kabisa: chomeka kikonyo moja kwa moja ardhini siku ya mvua, mahali penye kivuli. Vingi vitashika.

Mbegu nazo zinawezekana, ila zinataka subira na jicho. Ni ndogo sana. Gramu moja ina zaidi ya mbegu 1,000. Kuzikusanya, chagua kitunda kilichonenepa na kuanza kupoteza kijani chake, kifunike chote kwa kiganja au kwa mfuko wa karatasi kabla ya kukigusa, kisha kibinye. Usipofunika, umezipoteza zote. Zimwage juu ya udongo laini ulioloa na usizifukie, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Funika chombo kwa karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke, na ukifunue zikishaota. Zinachukua kati ya siku kumi na wiki tatu.

Mahali pa kuzipanda ndipo wengi wanapokosea. Mkisikia ukingo wa msitu, mnafikiria mstari ule wa mwisho uliopigwa na jua kutwa. Huko hapana, labda pawe na maji ya kudumu. Ingia hatua chache ndani, au panda upande ambao kivuli cha miti kinaangukia kuanzia saa nne asubuhi. Jua la asubuhi ni zuri. La saa saba mchana litalifanya linyauke. Likinyauka usiogope, mwagilia jioni, asubuhi utalikuta limesimama. Acha nafasi ya mguu mmoja kati ya mche na mche. Weka majani makavu chini yake, yaleyale ya msitu. Mboji kidogo inatosha. Mbolea ya chumvichumvi usitie, kwa maana utapata majani mengi na maua machache, na shina litakuwa laini kupita kiasi.

Wenye mashamba ya iliki mna bahati kuliko wote. Iliki inataka kivuli na unyevu uleule, kwa hiyo shamba la iliki chini ya miti ya asili ni nyumba iliyokwisha kutengenezwa. Panda impatiensi kwenye mipaka ya vipande vya iliki na kando ya mifereji. Haitakunyang'anya kitu; mizizi yake ni ya juujuu na kimo chake mara nyingi hakizidi nusu mita. Wenye migomba na kahawa vilevile. Walio kwenye mabonde yanayotiririsha maji kuelekea mto Zigi wana sababu ya ziada, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayonywewa na mji wa Tanga, na kijito chenye kingo zilizofunikwa kinapeleka udongo kidogo zaidi kwenye bwawa la Mabayani.

Na aliyeko huku chini kwenye joto la pwani? Sitamdanganya: impatiensi inawezekana tu chini ya mwembe mkubwa au kando ya kisima, kwa maji ya kila siku. Kwenye ukingo mkavu wenye jua ningemshauri Thunbergia alata, ule mmea unaotambaa wenye ua la njano au chungwa na kitovu cheusi, ambao nao ni wa Afrika Mashariki.

Sasa nifike kwenye jambo linalowaondoa watu wengi katika kazi hii. Utapanda, litachanua, utafurahi. Asubuhi moja utakuta majani yameliwa, yamebaki makonyo. Chini ya shina utamwona kiwavi mnene, wa kijani au kahawia, mwenye pembe ndogo mkiani na madoa mawili kama macho mabegani. Watu humkanyaga. Wengine hukimbilia dawa.

Nawaomba msimguse. Huyo huenda ni mtoto wa nondo aitwaye Hippotion celerio. Impatiensi ni mmoja wa mimea anayoila. Mizabibu nayo huila. Akishiba hushuka ardhini, hujifunika kwa majani makavu na kugeuka pupa, na baadaye hutoka nondo mwenye mwili uliochongoka na mabawa membamba yenye mstari wa rangi ya fedha. Huruka kwa nguvu za ajabu. Wengine wa jamii yake husafiri kutoka Afrika mpaka Ulaya na kuonekana hata Uingereza. Mmea wenyewe hauna neno. Shina likibaki na vifundo, baada ya wiki chache majani mapya yanachipua.

Wenzetu wafugaji wa vipepeo walilielewa hili mapema. Mradi wa Kipepeo pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ulioanza mwaka 1993, na baadaye ule wa Amani, yote ilisimama juu ya jambo moja: mfugaji huanza kwa kupanda miche ya mlo, kila aina ya kipepeo na mche wake, na ndipo anapotafuta jike la kutaga. Aliyekosa jani hakuwa na pupa ya kuuza. Mwaka 2016 serikali yetu iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, wafugaji wa Amani walipata pigo kubwa. Ila ujuzi wa majani haujapotea, nao unahitajika hata pasipo na soko la pupa.

Na nondo yule ana kazi kwenye shamba lako. Mnajua mpapai dume na mpapai jike. Ua la dume ni dogo, jembamba, lenye harufu tamu inayozidi kadiri giza linavyoingia. Ua la jike ni kubwa na halina mbochi. Chavua lazima itoke kwenye mti mmoja iende kwenye mwingine. Nani anaibeba? Mtaalamu wa wadudu Mkenya, Dino Martins, pamoja na Steven Johnson wa Afrika Kusini, walichapisha mwaka 2009 utafiti wao juu ya mipapai ya mashambani Kenya. Waliona kwamba wachavushaji wake ni nondo wa jamii hii hii, wanaokuja jua likizama, wakati wa Magharibi, na kupita upesi kutoka ua hadi ua; na Hippotion celerio ni mmoja wao. Waliona pia kuwa umbali wa shamba na makazi ya asili, na hali ya makazi hayo, vinagusa kazi hiyo ya uchavushaji. Kwa maneno mengine, pori lililo karibu na lenye afya linaleta nondo kwenye mipapai.

Mkulima hamwoni mchavushaji huyu. Anakuja dakika chache wakati mtu yuko kwenye swala au jikoni. Asubuhi mkulima anaona kiwavi anakula jani, anapiga dawa. Mwaka unaofuata anaona mipapai yake majike inapukutisha maua, analaumu udongo, ananunua mbolea. Wakati huohuo amekata mipapai madume yote kwa sababu haizai. Haya yote yana dawa isiyogharimu senti: mpapai dume ubaki mmoja kati ya majike kadhaa, kiwavi aachwe, na ukingo upandwe.

Ndiyo maana simwambii mtu apande impatiensi mwitu kwa ajili ya uzuri peke yake, ingawa uzuri wake naupenda kwa moyo wote. Mchana inalisha kipepeo kwa mrija wake. Jani lake linalea nondo anayefanya kazi Magharibi. Mbegu zinazoanguka zinafunika udongo ambao vinginevyo ungechukuliwa na lantana. Kwa mmea wa kimo cha goti, hiyo ni kazi kubwa.

Mambo matatu ya vitendo, kisha mniruhusu nipokee maswali. Msing'oe mimea ndani ya hifadhi ya Amani wala katika msitu wowote wa hifadhi. Huko unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na hakuna haja, maana kwenye mifereji ya barabara na mashambani ipo ya kutosha. Kata vikonyo kutoka mashina tofauti tofauti, hata kama shina moja limekupendeza zaidi, kwa sababu vikonyo vya shina moja ni mmea uleule mmoja, na ugonjwa ukija huvikuta vyote na udhaifu mmoja. Na wakati wa kupanda ni sasa, kabla masika hayajachanganya, ili mvua ifanye kazi ya kumwagilia badala yako.

Hapo mlangoni kuna ndoo tatu zenye vikonyo vilivyokatwa leo asubuhi, kila ndoo kutoka bonde lake, na nimeandika majina ya mabonde ubavuni. Wa Amani achukue vya Amani, wa Lushoto vya Lushoto, wa Korogwe vya huko kwao. Vifungeni kwa jani bichi la mgomba, visikauke njiani, na vikifika nyumbani viingie majini kabla ya giza.